Vipande Vinne, Si Vinane

Neno alilolichukia kuliko matusi lilikuwa "hakuna shida."

Ukimwambia Mkuu wa kituo chetu kwamba ni mkaidi, alicheka. Sadoki, dereva wetu, alimwambia hivyo karibu kila siku, tena kwa sauti, na bado ndiye aliyemiminiwa chai wa kwanza. Lakini ukimwambia "hakuna shida," aliacha alichokuwa akikifanya, akavua miwani, akakugeuzia uso wote kama mtu anayekagua ukuta kutafuta ufa.

Mimi nilimwambia siku ya kwanza. Nilikuwa nimetoka chuoni, nina shahada ya mawasiliano na tumbo linalosokota kila asubuhi. Aliniuliza kama najua kuunga nyuzi za kioo, zile nyembamba kama unywele ambazo ndani yake mwanga hubeba simu na intaneti ya mji mzima.

"Hakuna shida, Mama," nikasema.

Akavua miwani. "Sikuuliza habari za shida. Nimeuliza, unajua kuunga?"

"Nimewahi kuona ikifanywa."

"Kuona kwa karibu au kwa mbali?"

"Chuoni mashine ilikuwa moja. Foleni ilikuwa ndefu. Zamu yangu haikufika."

"Haya. Sasa nakujua. Kaa, Chuo."

Tangu hapo jina langu kituoni likawa Chuo. Nilikaa nikijiuliza kama nimefukuzwa kabla ya kuanza. Mtu mwenye hofu hulipenda sana lile neno, kwa kuwa linamaliza maswali kabla hayajaingia ndani. Yeye alikuwa ameninyang'anya mlango wangu wa kutokea.

Hakuwa na ugomvi na "inshallah." Sadoki aliwahi kumuuliza tofauti iko wapi, maana yote mawili hayana uhakika. "Inshallah ni ya Mungu," akajibu, "na Mungu namjua. Hakuna shida ni ya kwako wewe Sadoki, na wewe jana umeniacha mtaa wa Mwanga na jua la mchana."

"Gari lilikuwa na shida, Bosi."

"Umeona? Ilikuwepo."

Kituo chetu ni jengo dogo Buzebazeba, hapa Kigoma, lenye makabati ya chuma yanayovuma usiku na mchana na kiyoyozi kinachotoa machozi. Viatu viliachwa mlangoni. Mkuu mwenyewe aliingia na soksi nyeupe, baibui, na juu ya baibui lile koti la kazi la manjano linalong'aa likimulikwa na taa. Juu ya meza yake hapakuwa na picha ya mtu wala maua. Palikuwa na mche wa sabuni ya mawese, mzima, umefungwa kwa gazeti. Nilidhani ameununua akausahau. Nilimaliza wiki nzima nikifikiria kama nimkumbushe, na kama nikimkumbusha ataona namchunguza, na nisipomkumbusha ataona sijali. Kumbe ulikuwa ubao wake wa kufundishia.

"Duka la kwanza lina kisu kizito," alinianzia asubuhi moja. "Mche huu linaukata vipande vinne. Duka la pili lina waya, linakata vinane. Amekuja mtu anataka kipande kidogo, cha kufulia leso tu. La kwanza litampa nini?"

"Kipande kikubwa."

"Nusu asiyoihitaji?"

"Itakaa bure."

"Kwa hiyo la kwanza linahudumia wateja wangapi?"

"Wanne. La pili wanane."

"Na mche ni uleule. Basi aliyebandika mlangoni 'nina mche mmoja' ametuambia nini?"

Nilifikiri kuna mtego. Kila swali lake nililiona lina mtego. "Hajatuambia kitu, Mama."

"Amesema kweli na hajatuambia kitu. Hao ndio wabaya."

Ndivyo mitambo yetu inavyofanya kazi. Kila mtambo una majirani, na kila mara humtangazia jirani: nina njia kwenda mahali fulani, inabeba kiasi hiki, kimebaki hiki, na kisu changu kinakata vipande vya ukubwa huu. Jirani naye humwambia jirani yake, hadi mitambo yote nchini ina ramani moja. Njia ikikatika, hakuna mtu anayekaa kufikiri. Mtambo unaitazama ramani, unachagua njia nyingine, unatuma. Hauji kuangalia kama ni kweli. Ramani inaaminiwa.

Jambo la pili alilonifundisha kwa sabuni ile ni kwamba kila njia ina pande mbili. Huku ukiwa na waya na kule wana kisu kizito, mtakata vinne. "Wa chini ndiye anayeamua," alisema. Alilirudia hilo hata kwenye mambo ya watu. Alimpatanisha Sadoki na mkewe kwa maneno hayohayo, na Sadoki akaja kazini amenuna, akisema ameitwa kisu kizito mbele ya wakwe.

Sasa niseme na upande wake mwingine, maana nikiishia hapo nitakuwa nimebandika mlangoni mche mmoja.

Mwanamke huyu aliyeikataza mitambo kutia chumvi, Ujiji kwao alikuwa haishi kusema "nitaweza." Ukimwomba apike pilau ya maulidi, ataweza. Ukimwomba akae na wafiwa, ataweza. Jumamosi moja kaya tatu zilikuwa zinamsubiri kwa shughuli tatu, na kila kaya iliamini anakuja kwake peke yake. Sadoki alimzungusha Ujiji nzima, sufuria zinagongana nyuma ya gari, na kote alifika watu wameshaanza kula. Jumatatu nilijikaza nikamwambia, "Mama, hapo hukutangaza nafasi iliyobaki." Akaweka kikombe chini. Nikaanza kutafuta kichwani maneno ya kuomba radhi. Kisha akasema, "Mimi si mtambo," akaendelea kunywa chai.

Na kuna jambo lingine, ambalo wakati ule nililielewa vibaya kabisa. Tukitoka kwenda kuunga nyuzi, alibeba mashine mwenyewe, akaifungua, akaipangusa, akaweka kila kitu mahali pake. Kisha akarudi nyuma hatua moja. "Unga wewe, nikuone."

Kila mara. Hata nilipokwisha kujua. Hata palipokuwa na haraka. Alisimama nyuma ya bega langu la kushoto, kimya. Kuna siku alichukua uzi akauinua kwenye mwanga. "Hii ni rangi gani, Chuo?" "Kijani, Mama." "Na hii?" "Kahawia." "Una hakika?" Nilikuwa na hakika mpaka aliponiuliza. Niliamini ananipima, na kwamba siku moja matokeo yatasomwa.

Yaliyosomwa yalikuwa mengine. Nilikuwa kwenye muda wa majaribio, na wa kuamua kama nithibitishwe kazini alikuwa meneja wa mtandao, aliyekaa makao makuu Dar es Salaam. Nilimjua kwa sauti tu.

Radi ilipiga kituo kidogo cha Simbo, kule mashambani, ambako njia yetu ya akiba inafikia kabla ya kuendelea mbele. Kadi ya mtambo ikaungua. Stoo palikuwa na kadi moja ya zamani. Mkuu akaichomeka, njia ikawaka, Sadoki akapiga makofi. Ila kadi ile ilikuwa ya kisu kizito, tena bubu. Haikujua kuueleza mtambo wetu inakata vipi. Ikabidi sisi tuandike kwa mkono kile kitakachotangazwa. Mkuu akaandika vinne.

Meneja akapiga simu, nayo ikawekwa kwenye spika.

"Mama, shikamoo. Mbona naona nne kwenye ramani? Njia ya akiba ya Kigoma imekuwa nusu?"

"Marahaba. Nne ndizo zilizopo."

"Upande wenu unaweza nane."

"Upande wetu, ndiyo. Simbo hawawezi."

"Kadi mpya iko njiani. Wageni wanakuja kukagua mtandao hapa Dar. Andikeni nane, ikifika itakuwa kweli."

"Ikifika nitaandika nane kwa mkono wangu, na nitakupigia kigelegele. Leo ni nne."

"Mama, ni tarakimu tu."

"Kama ni tarakimu tu, mbona umeipigia simu?"

Akakata. Nikahesabu hilo kama ushindi, mpaka jioni simu yangu mimi ilipolia. Nilikuwa bado kituoni, Mkuu akifunga mkoba wake.

"Wewe ndiye yule kijana?" Sauti ya meneja ilikuwa ya upole, na upole ule ulinitisha zaidi. "Nywila unayo. Badilisha hiyo namba. Mama ni mtu mzima, tusimsumbue. Na faili lako la kuthibitishwa liko hapa mezani, nilikuwa nalisoma."

Nilifikiria mambo mengi kwa mara moja. Kodi ya chumba. Mama yangu aliyeniaga na majirani wote. Kwamba wageni wataona nane, watafurahi, wataondoka, kadi itafika, hakuna atakayejua. Kwamba njia kuu huenda isikatike kabisa. Kwamba nikikataa, nitakuwa mhitimu wa kwanza kufukuzwa kwa sababu ya sabuni.

"Nitalishughulikia, Meneja," nikasema.

Nilipogeuka, Mkuu alikuwa amevua miwani.

"Umemtangazia nini hapo?"

"Nimemwambia nitashughulikia."

"Maana yake utabadilisha?"

"Hapana."

"Maana yake hutabadilisha?"

Nikageukia kioo cha kompyuta, palipoandikwa nne.

"Yeye sasa ana ramani," akasema. "Kwenye ramani yake wewe ni ndiyo. Kwenye yangu wewe ni hapana. Siwezi kukusemea, Chuo. Mpigie."

Sijawahi kubonyeza namba kwa kidole kizito vile.  Nilimwambia meneja kwamba sitabadilisha, na nikamweleza sababu, vibaya, nikirukaruka. Alisikiliza hadi mwisho. "Sawa," akasema. "Nimekuelewa." Hilo "nimekuelewa" nililibeba kama jiwe kwenye kiatu. Nililichambua kila upande, na kila upande lilikuwa baya. Wenzangu walioajiriwa pamoja nami vituo vingine walithibitishwa. Mimi niliongezewa muda wa majaribio.

Mvua kubwa ilikuja kabla ya kadi. Mchana, kalavati moja kwenye barabara ya lami lilisombwa, na mkongo wa nyuzi wa njia kuu uliopita juu yake ukaenda nalo. Kituoni taa nyekundu ziliwaka mstari mzima. Wateja wanane walitakiwa kuhamia njia ya Simbo. Wanne, wakiwemo hospitali na bandari, ambao Mkuu alikuwa amewapanga mbele, walihama kabla sijamaliza kusimama. Wanne waliobaki ramani iliwaambia papo hapo kwamba hakuna nafasi, wakaangukia setilaiti, njia nyembamba ya polepole inayomfanya mtu aongee na mwangwi wake.

Meneja alipiga akifoka. Nusu ya wateja wanalalamika, akasema, na wageni walikuwa wamesimama nyuma yake.

"Ungetangaza nane ingekuwaje?" Mkuu alimuuliza, akivaa koti lake la manjano. "Wale wanne wangetumwa Simbo. Kisu hakiwakati. Warudi kuuliza njia. Ramani iwaambie njia ni Simbo. Waende, warudi, waende, warudi, na wasifike hata kwenye hiyo setilaiti."

"Hayo ni maneno, Mama. Mimi nina malalamiko."

"Nayo ni ya kweli. Wape pole. Sisi tunakwenda kuunga."

Hakuna aliyetupongeza, wala siku ile wala baadaye. Wale wanne waliopita hawakujua kama kuna kilichotokea, na wasiojua hawashukuru.

Kwenye kalavati maji yalikuwa yanapiga kelele, na Sadoki alishika mwavuli juu ya mashine badala ya juu ya vichwa vyetu. Udongo ulikuwa unamomonyoka karibu na miguu. Kwa mara ya kwanza hapakuwa na nafasi ya "nikuone," kwa kuwa nyuzi zilikuwa nyingi na mkongo ulikatika sehemu mbili. Tuligawana. Mimi niliunga huku, yeye akaandaa kule, akipanga nyuzi za rangi moja pamoja.

Nilipofika kwenye upande wake nilikuta kijani imelazwa na kahawia. Nikadhani ni mtego. Nikatazama nyingine. Bluu ilikuwa sawa. Kisha tena, kahawia na kijani. Nikamwangalia. Alikuwa ameinamisha kichwa pembeni kama kuku, jicho la kushoto karibu liguse uzi, na mkono wake wa kulia ulikuwa unapapasa juu ya kibao kutafuta kikatio kilichokuwa pale pale, mbele yake, upande wa kulia.

Hapo yote yakajipanga upya kichwani. Hatua moja nyuma. Bega la kushoto. "Hii ni rangi gani, Chuo?" Hakuwahi kunipima hata siku moja. Alikuwa anauliza.

Nikakiweka kikatio mkononi mwake. Nilipaswa kunyamaza, na mimi ni hodari wa kunyamaza. Lakini udongo ulikuwa unaondoka, na alitaka kushuka mwenyewe kwenye ukingo, upande wa kulia.

"Mama," nikasema, "hilo jicho linabeba kiasi gani?"

Sadoki aliacha kutikisa mwavuli. Mkuu alinyooka. Mvua ilimchuruzika usoni, na sikuweza kujua kama amekasirika.

"Unga," akasema.

Niliunga. Nilipanga upya kijani na kahawia bila kusema. Hakushuka kwenye ukingo, alimtuma Sadoki. Njia kuu ilirudi kabla ya magharibi, na ndani ya gari Sadoki akasema, "Bosi, leo tumeoga bila sabuni," na Mkuu akacheka kidogo tu. Swali langu lilibaki bila jibu. Kadi mpya ilipofika aliandika nane kwa mkono wake kama alivyoahidi, akimwomba Sadoki amsomee kioo cha kompyuta kwa sababu, alisema, miwani imeingia ukungu. Muda si mrefu baadaye aliomba kustaafu. Kwenye barua aliandika sababu za kifamilia.

Nilikwenda kumwona Ujiji wiki iliyopita. Sikwenda kwa mapenzi tu, nilikuwa na hofu. Meneja alikuwa amenipigia asubuhi: faili langu atalipitisha, lakini vituo vya Kigoma na Simbo nivisimamie peke yangu, kuunga, kupanda mnara wa simu, kila kitu. "Unaweza? Nitakupigia alasiri, nataka neno moja." Nikitaja upungufu, nilijua, faili litarudi chini ya mengine.

Nilimkuta uani amekaa kwenye mkeka, sabuni imepangwa kando yake. Alikuwa anawagawia majirani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Sauti ya Chuo hiyo. Umekonda au sauti ndiyo imekonda?"

Nikamweleza. Alinisikiliza akipapasa mche mmoja kwa vidole, akautafuta upana wake. Akanipa kisu. "Kata, nikuone," akasema. Kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Kata tu."

Nikakata, vinne. Kwa muda alisikiliza kisu kinavyoingia.

"La kulia limezima," akasema. "Tangu kabla hujaja. La kushoto lina robo, na robo yenyewe inapungua. Daktari aliniambia, nikamwambia hakuna shida."

Nikampangia vile vipande vinne mkekani.

"Siku ile kwenye maji uliniuliza. Nilikasirika siku nyingi. Ningeshuka kwenye ule ukingo, Chuo, na mngenifuata kunivuta. Mlikuwa mnanitumia kwa ramani ya zamani."

"Mbona ulinifundisha mimi kusema?"

"Kwa kuwa nilikuwa naona inavyokuwa mtu asiposema."

Simu ikalia. Nilitaka kuinuka niende nje, akanishika mkono. Nikapokea.

"Enhe, kijana. Unaweza?"

 Neno lile lilikuwa tayari kwenye ulimi, limejikunja, linasubiri.

"Kigoma naweza," nikasema. "Kuunga naweza. Simbo naweza nikipewa mtu wa pili, maana kukikatika pande mbili kwa pamoja siwezi kuwa kote. Mnara siwezi kupanda. Naogopa, na mikono hutetemeka. Hayo ndiyo niliyo nayo."

 Nikasikia kalamu, au pengine ni kidole, kikigonga meza huko Dar.

"Subiri kwenye simu," akasema meneja. "Usikate."

Nikasubiri.  Yule mwanamke hakuuliza amesema nini. Alichagua kipande kimoja cha sabuni, akakifunga kwa gazeti bila haraka, akaninyooshea, mahali ambapo mkono wangu haukuwepo. Nikausogeza mkono hadi pale.